Naam ya Saud

Baraza yetu tunayokaa mtaani Kiponda iko chini ya dirisha la Bi Kulthum, na baada ya sala ya alasiri kila neno la juu hutufikia pamoja na kahawa. Mwaka ule wa 2006 mwanawe Saud alikuwa amerudi kumuuguza, baada ya miaka mingi ya Kanada. Paspoti yake ni ya huko, kwa hivyo nyumba alimozaliwa aliingia kwa viza ya matembezi, nayo ilikuwa inakwisha Ijumaa. Kompyuta kaichomeka kwenye waya wa simu, anafanya kazi ya Kanada huku amekaa ubavuni mwa kitanda cha mama. Mimi lilinipendeza, lakini kwetu jambo halipiti bila ya mahakama.

Mkadam, tunayemwita Kanuni, ndiye aliyeanza.

— Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Huyu anafanya kazi.

— Anaifanyia wapi? akauliza Shaame Redio. Kazi iko Kanada. Hapa pana vidole tu.

— Vidole ndivyo vinavyofanya kazi!

— Basi virudishwe vidole, mwenyewe abaki.

— Unafanya mchezo wewe. Kule saa hizi asubuhi. Mtu keshakula pweza wa mchana kwa mamake, ndo kwanza anaingia kazini! Siku moja anaitumia mara mbili.

— Ndo maana hazeeki. Na umeme ukikatika hapa, Kanada nzima inakaa kiza.

Juu, Bi Kulthum akaita.

— Saud!

— Naam, mama!

— Upo?

— Nipo, mama.

Tokea maradhi ya kusahau yamshike, huita hivyo mchana kutwa. Usi, shemeji yake Shaame aliyekuja mjini kutoka Paje, akainua uso.

— Kabla mwanawe hajarudi, bibi alikuwa haiti?

— Alikuwa akiita, akasema Shaame. Tukimuitikia sisi, hapa hapa chini.

— Akiamini?

— Akitulia.

Usi akakiweka chini kikombe chake.

— Sasa keshaizoea sauti ya mwanawe. Jumamosi akiita, nani atamuitikia?

Muuza kahawa alikusanya vikombe vyake, akaondoka bila ya kudai. Mkadam aligeukia ukutani, na mimi nilimwonea huruma, maana macho yalikuwa yameshamjaa machozi.

— Naam, mama, akasema kwa sauti ya chini.

Haikufanana na ya Saud hata kidogo. Akakohoa, akajaribu tena.