Moriwaki Tatsuzo, Aliyemsuta Mkewe Mbele ya Watu

Marehemu Moriwaki Tatsuzo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la jukwaani, Kuwanoya Tatsuzo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 mjini Kishiwada, kusini mwa Osaka. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Moriwaki Yasuke na mkewe Tome. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma taulo. Mama alichachusha biringanya na kuziuza sokoni, kazi ambayo mdogo wa marehemu, Kinue, anayewasomea wasifu huu, aliirithi pamoja na ukali wa ulimi. Tatsuzo alikuwa mtu wa maneno makali maisha yake yote, na miaka yake ya mwisho aliyatumia maneno hayo kwa jambo moja tu: mkewe asihurumiwe na mtu. Hiyo ndiyo habari yake. Mengine ni tarehe.

Alisoma shule ya msingi na sekondari ya chini hapo hapo Kishiwada. Walimu hawakumpenda sana, maana hakuweza kuona kosa akanyamaza. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alifiwa na babu, na mtawa aliyekuja kusoma sala alikuwa amechoka, akasinzia kidogo, akazinduka na kurudia ukurasa alioumaliza. Watu wazima wote waliinamisha vichwa wakajifanya hawakusikia. Tatsuzo akasema kwa sauti, "Hapo tulishapita." Bibi, ambaye macho yake hayakuwa yamekauka tangu juzi yake, alicheka mpaka akashika tumbo. Baba alimfinya mtoto sikio, lakini usiku ule bibi alikula chakula kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Mwaka 1964 aliacha shule ya sekondari ya juu kabla ya kumaliza, akaenda kuishi nyumbani kwa mwalimu wake wa uchekeshaji, marehemu Kuwanoya Enzo, mtaa wa Nishinari. Kwa miaka mitatu alifua nguo za mwalimu, akabeba mkoba wake, akamkanda mabega, wala hakuruhusiwa kukanyaga jukwaa. Baba alisema kama ni kufua angebaki kwenye taulo. Lakini ndivyo kazi hii inavyofunzwa huku, na Tatsuzo hakulalamika, jambo ambalo lilitushangaza sote tuliomjua.

Kwa wajukuu ambao hawakuwahi kufika ukumbini, kazi yenyewe ni hii. Watu wawili husimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Mmoja ni mkosaji, kila asemalo limepinda. Wa pili ni msutaji, anayempiga kifuani kwa mgongo wa mkono na kumwambia amekosea. Basi, hakuna kingine. Watu hudhani anayechekesha ni mkosaji, na jina na maua huwa yake. Marehemu alikataa jambo hilo hadi anakata roho. Alisema mtu akisikia kosa hacheki, kwanza huogopa, hujiuliza kama mwenzake ni mzima. Msutaji akishasema, "Wewe, umekosea," ndipo roho za watu hutulia na kicheko hutoka. Mwalimu Enzo alimfundisha jambo moja tu kwa miaka ile mitatu: kabla ya kusuta, subiri pumzi moja, hofu iingie kidogo. Na ukisuta, usisute kwa upole.

Wenzi wake wawili wa kwanza wa jukwaani walimkimbia kwa ukali wake. Mwaka 1971 alimkuta Yoshino, binti wa Amagasaki, akikata tiketi mlangoni pa ukumbi wa Shinsekai na kuwapeleka watu kwenye viti visivyo vyao. Tatsuzo alimgombeza mlangoni wiki nzima mpaka watu wakaanza kuja mapema kuwasikiliza. Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1972, na mwezi huo huo wakapanda jukwaani pamoja, Tatsuzo na Kosome, jina la Yoshino la jukwaani. Binti yao wa pekee, Mikako, alizaliwa mwaka 1975. Kinue hakuwa na haja ya kuambiwa wifi yake yukoje. Siku ya harusi bibi harusi alimpongeza Kinue kwa kuolewa.

Mchezo wao uliopendwa kuliko yote mnaujua: mgeni anauliza njia ya kwenda stesheni ya Tennoji. Yoshino anamwelekeza.

"Nenda moja kwa moja, pinda kushoto kwa mama yangu, ingia, msalimie, hakikisha amekunywa dawa zake, kaa naye kidogo, ndipo utoke upande treni."

"Mgeni anatafuta stesheni, wewe unamtuma kwa mama yako?"

"Kwani wewe ukitumwa unaenda?"

Waume wote ukumbini waliangalia viatu vyao, na wake zao walicheka kwa niaba ya mama zao. Kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa watu wa katikati ya orodha, wa kupashia ukumbi moto. Nafasi ya mwisho ya jioni, ile ya heshima, ilikuwa ya wengine.

Walipewa nafasi hiyo mwaka 2012. Yoshino alikuwa ameanza kuchekesha kuliko wakati wowote. Aliuanza mchezo kutoka katikati. Alimwelekeza mgeni stesheni iliyobomolewa zamani za utoto wake. Siku moja alimwamkia mumewe jukwaani kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akamuuliza ametoka mkoa gani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Wasanii wenzake walisimama nyuma ya pazia kujifunza, na wengine wao wamo humu leo wakiangalia chini. Msione haya. Hakuna aliyejua. Katika mji huu mtu akikosea tunamsuta, tunacheka, tunaendelea na safari. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo ugonjwa ulivyopita katikati yetu ukipigiwa makofi.

Machi 2013 Yoshino aliingia barabarani amevaa viatu vya mumewe, na Mikako akawalazimisha waende kliniki. Daktari alimuuliza mama leo ni siku gani.

"Inategemea unamuuliza nani," akasema Yoshino.

"Anakuuliza wewe. Unamwona mwingine humu aliyevaa viatu vya mumewe?" Tatsuzo akamjibu, kwa mazoea tu, na muuguzi akacheka. Daktari naye, mtu wa hapa hapa Osaka, alitabasamu, akauliza mzee huyu aliyekuja naye ni nani wake.

Yoshino alimtazama mumewe.

"Huyu? Tunakutana kazini."

Marehemu alimsimulia mdogo wake kwamba pumzi ya kusuta alikuwa ameshaivuta. Ndipo akayaona macho ya mkewe. Hayakuwa yakingoja kicheko, yalikuwa yakiomba msaada. Alimsuta hata hivyo. "Kazini! Kwa hiyo miaka arobaini supu unayonipikia ni ya kazini?" Yoshino akacheka kwa nafuu, daktari akafuta machozi, akasema mama ana akili kali kuliko yeye, akawaruhusu. Tatsuzo alifika kituo cha basi akaketi, mabasi yakapita asipande. Safari ya pili alimpeleka kwa daktari mwingine, yeye akafunga mdomo. Majibu yakaja: ugonjwa wa kusahau.

Mikako alimtaka baba yake amshushe mama jukwaani siku hiyo hiyo. Waligombana dukani kwa Kinue, mbele ya mapipa ya biringanya, na maneno yale hatuyasahau.

"Baba, watu wanamcheka mama mgonjwa."

"Wanamcheka Kosome. Siku wakijua, watamhurumia Yoshino. Watamwongelesha taratibu kama mtoto wa miaka miwili. Umeshaona wazee wanaoongeleshwa hivyo? Wanakufa wakiwa wamekaa."

"Na wewe utamsuta mpaka lini?"

"Kosa lenye wa kulisuta ni kichekesho, mwanangu. Likikosa wa kulisuta ndipo linakuwa ugonjwa."

Mikako hakumwelewa, na miezi kadhaa hakumsemesha. Kinue alikuwa upande wa Mikako. Tulimwona kaka yetu kuwa mtu wa tamaa, aliyepewa nafasi ya mwisho uzeeni akakataa kuiachia. Labda tamaa ilikuwamo. Lakini tangu siku ile hakulala vizuri. Mchana kutwa alikaa akiwaza kila njia ambayo mkewe angeweza kupotelea jioni, na kwa kila njia akatafuta neno la kumsuta. Jukwaani alimshika mkono wa kimono upande usioonekana na watu. Nyumbani pia hakumwachia kosa hata moja, la chumvi ndani ya chai wala la kumwita kwa jina la baba yake. Yoshino alicheka siku nzima. Tatsuzo mwenyewe, mchekeshaji hodari, hakuna aliyemwona akicheka tena.

Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tatsuzo alificha maradhi mawili, ya mkewe na yake. Oktoba 2015 aliambiwa ana saratani ya tumbo, na kwamba akipasuliwa mapema anaweza kupona. Upasuaji ulitaka alazwe wiki kadhaa. Aliuliza kama kuna namna ya kupasuliwa asubuhi na kupanda jukwaani jioni, na daktari akadhani ni mzaha. Aliondoka na vidonge vya maumivu. Sisi ndugu zake tulijua miezi kumi baadaye, upasuaji ulipokuwa hausaidii tena. Tulimkasirikia, na ingawa leo ni siku yake, tusiseme uongo: bado tuna hasira naye.

Mara yao ya mwisho jukwaani ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Agosti 2016. Katikati ya mchezo Yoshino alishuka ngazi, akapita kati ya watu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi safu ya pili, akatazama jukwaa. Ukumbi ulianza kucheka, kisha kicheko kikapungua, kwa sababu alikaa sana. Watu walianza kutazamana. Lile alilolikimbia Tatsuzo miaka yote lilikuwa limefika mlangoni.

"Huyu mzee mbona yuko peke yake?" Yoshino akamuuliza jirani yake. "Mwenzake yuko wapi?"

Tatsuzo alikuwa ameshika nguzo ya kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa maumivu. Alisubiri pumzi moja.

"Mwenzangu yuko safu ya pili, anakula vitafunio vya watu. Mama, mrudishie huyo bwana pweza wake!"

Watu walilipuka, na Yoshino akacheka pamoja nao, pweza mkononi. Tangu waoane hakuwahi kumtazama mumewe kutoka mbele. Akamwambia jirani yake kwamba mzee huyu anachekesha kweli, angependa kujua jina lake. Tatsuzo aliinama, akashuka kumchukua, wakatoka. Hakuna aliyewahurumia jioni ile.

Alilazwa mwezi wa Desemba. Kitandani alimwita mdogo wake akamfundisha kusuta. Kinue alimwambia hajui kuchekesha, hajawahi kumchekesha hata paka. "Huhitaji kuchekesha," akasema. "Una hasira, inatosha. Ila usimlegezee sauti. Ukimlegezea sauti tu, atajua." Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 4 Februari 2017, akiwa na umri wa miaka sabini, Mikako akiwa amemshika mguu.

Siku hiyo Mikako alimweleza mama yake ukweli, kama binti mwenye adabu anavyopaswa. Yoshino alilia mpaka akashikiliwa. Baada ya chakula cha mchana akauliza Tatsuzo yuko wapi, chai yake inapoa. Mikako akamweleza tena, naye akalia upya, kwa maana kwake ilikuwa habari mpya. Tulimwona mtu akifiwa na mumewe mara mbili kwa siku moja. Jioni akauliza tena. Mikako akamtazama shangazi yake.

Kinue alisubiri pumzi moja. "Umeolewa naye wewe, wifi, halafu unakuja kuniuliza mimi?"

Yoshino alicheka. Akasema wifi huyu ana ulimi mbaya, akaendelea kula. Kinue alikwenda chumba cha mapipa, akauma aproni ya kazini ili asisikike.

Marehemu ameacha mjane, Yoshino. Binti, Mikako, na mumewe, Haruki. Wajukuu wawili, Sota na Kanae. Na mdogo wake, Kinue. Mjane hayumo humu. Tumemwomba anywe chai chumba cha pili wakati wasifu huu ukisomwa, na nakala mlizopewa tafadhali zikunjeni mziweke mifukoni. Sasa hivi ataingia. Ataona ukumbi umejaa na mumewe amelala, na tunavyomjua, atauliza ni adabu gani ya mtu kulala wakati watu wamekuja. Atamuuliza yeyote aliye karibu.

Tunawaomba jambo moja. Msimwambie pole. Msimshike mkono, msimwongeleshe taratibu. Subirini pumzi moja, kisha msuteni kwa sauti, kama alivyosutwa miaka yote. Mwenye machozi ayatoe sasa.

Kaka Tatsuzo, lala salama. Zamu yako tumeipokea.

Mikako, mlete mama.