Kumuaga Agripina na Cherehani Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Soko letu, Mzee Idefonsi, shikamoo. Mama Domisiana uliyeshika ufunguo wa chumba cha nyama, shikamoo mara mbili. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa ila pua zimewaleta, karibuni Biharamulo.

Mimi Ndizeye wa vitabu vya kuazima, niliyeachana na shule darasa la nne, nimeambiwa nimuage fundi Agripina, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Leo anahamia Bukiriro. Kirikuu cha kubeba mizigo kiko hapo nje na cherehani imeshafungwa kamba. Aliyenichagua ana roho mbaya. Nani hapa hajui kwamba tunagombana tangu turubai langu limwage maji kwenye gauni la bibi harusi?

Jamani, biashara yangu naijua. Kitabu cha migomba kimelala, cha kuku kimelala. Kinachotembea ni kile cha bosi na karani: wanachukiana, wanarushiana mafaili, ukurasa wa mia wanalia, wa mia mbili ndoa! Mnapendea nini? Si mna mabosi wenu? Felisita, wewe wa ofisini, bosi wako akikufokea huwa ananukia marashi? Anasema ananukia ugoro! Na faili akilirusha unaliokota mwenyewe. Lakini jioni huyo dirishani: "Kaka Ndizeye, kile cha wanaogombana kimerudi?"

Nikakaa nikawaza. Mtu anayekugombeza kila siku, kila siku anakuangalia. Anajua shati ulilovaa jana. Nani mwingine anajua?

Sasa, utaratibu wangu mnaujua. Karatasi ya mwisho ya kila kitabu naichana, naiweka kwenye kopo la maziwa. Rudisha kitabu, nikupe mwisho uusome hapo hapo umesimama. Bila hivyo ningekuwa nauza mkaa. Felisita akawa anaazima viwili viwili, na cha pili haombi mwisho wake. Kikirudi, pembeni pana penseli: "Mwanaume mjinga huyu, si aseme tu!" Na katikati ya kurasa pana vipande vya uzi. Felisita, ofisini mnashona nini?

Agripina, usimkodolee Felisita macho, niangalie mimi. Vitabu arobaini umevisoma bila mwisho hata mmoja, kwa kiburi tu cha kutokuja dirishani kwangu! Na mimi je? Turubai jipya ninalo tangu Pasaka, nimelikunja chini ya kitanda. La zamani nimeliacha livuje, maana lisipovuja huji kunigombeza.

Kopo hili hapa. Miisho yote ni yako, hata ukienda. Lakini usiende. Haya, mjinga amesema.

Mwenyekiti, dereva azime injini kidogo, hatusikii. Agripina anasema nini? Anasema, "Turubai jipya litundikwe leo hii!" Mmesikia wenyewe? Kwaheri hajaitaja! Dereva, shusha cherehani, taratibu, ina mwenyewe hiyo.

Asanteni sana kwa masikio yenu. Nani ana ngazi?