Mkono wa Vedasto Unaoita

Kwenye benchi la Ganako, pale kahawa ya Mama Vedasto inapochemka tangu asubuhi, siku hiyo hata mpira haukuzungumzwa. Naomi, msichana wa chuo anayefundisha mashine kuelewa watu, alikaa na tableti mapajani akisubiri jibu. Mwaka jana alimrekodi Vedasto, kijana wa geti la hoteli, akiita watu kwa mkono. Masika homa ikamchukua kijana wa watu. Sasa Naomi anamuuliza mama wa marehemu: picha zifutwe, au mashine iendelee kujifunza kwake?

Profesa, dereva mstaafu wa watalii anayejua kila kitu isipokuwa alipo mkewe, akataka kwanza aelezwe hiyo mashine inaumwa nini. Naomi akaeleza taratibu kwamba ni roboti, imelelewa na picha za Ulaya. Sisi tukimwita mtu tunainamisha kiganja tunakunja vidole. Yenyewe inadhani tunaaga, inageuka inaondoka.

— Kama wazungu wangu, akasema Profesa. Unawaita, wao wanakupungia.

Benchi likacheka, halafu likakumbuka.

Darubini, fundi baiskeli ambaye hakuna jambo la nyumba ya mtu lisilomfikia, akashauri zisifutwe. Roboti ikishaushika mkono wa Vedasto, itakuwa nusu Vedasto. Profesa akapinga: ikiwa nusu, kesho itakuja kudai urithi wa shamba la Buger. Darubini akasema ije tu, italima usiku na mchana. Wakafika mpaka kwenye nani atasimama kama mshenga ikitaka kuoa, na kanisa gani litakubali.

Mama Vedasto alikuwa anamimina kahawa, kikombe kimeshajaa, inamwagikia mezani. Nyumbani ana picha moja ya mwanawe, ya kipaimara, amekakamaa kama mlingoti. Hii ya Naomi ndiyo pekee ambamo anasogea. Akisema ifutwe, ni kama anamzika mara ya pili. Akisema ibaki, amemwacha mtoto kazini milele.

— Nionyeshe tena, mwanangu.

Tableti ikawashwa. Vedasto kasimama kwenye geti la hoteli na shati lake la kazi, kiganja chini, vidole vinakunjika. Hana sauti. Akimaliza, anaanza upya.

— Hapumziki? akauliza mama.

— Ni picha tu, mama, inajirudia.

— Kama ni picha tu, mbona nashindwa kusema uifute?

Profesa akapuliza kikombe chake. Darubini akasema kahawa ya leo nzito.

Ndipo akaja Senteu, mfugaji wa Enguserosambu aliyeshuka na mbuzi wa mnada, asiyejua lolote la msiba ule. Akaomba kikombe. Wakati anasubiri akachungulia tableti, akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa.

— Huyu kijana anaita, akasema. Mbona hamna anayemwendea?

Profesa akamtazama Darubini. Darubini akatazama barabarani. Naomi akapeleka kidole kuizima, Mama Vedasto akaushika mkono wake.

— Usiifute.

Akaweka birika motoni, akapangusa mikono kwenye kanga, akavuta kigoda mpaka mbele ya kioo cha tableti, karibu kabisa, akakaa. Kahawa ikachemka, ikafurika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka.