Mama Ndani ya Lavage

Jana katika taxibus ya Kasapa, nyuma yangu alikaa kijana mwenye kitambaa cheusi mkononi, karibu na mama mwenye beseni la matembele. Hawakujuana. Mama alimpa pole tu, na kijana akaanza kueleza mambo ambayo hakuulizwa.

"Tulizika papa siku ya dimanche. Kutoka makaburi, motokari ilijaa vumbi, na chef, mukubwa wangu ya kazi, alikuwa anangojea pa kilio. Nilisikia haya. Nikapita kwanza ku lavage, pale banaoshaka motokari na mashini."

"Nani alikuwa ndani?"

"Mama."

"Mujane, mutoto yangu? Ukamupitisha mu ma-brosse ya kuoshea motokari?"

"Dakika kumi tu, mama."

"Na bantu ku nyumba?"

"Balisimama ku mulango na maji. Mujane njo ananawa mikono wa kwanza, kisha bengine."

"Basi motokari yako ilinawa mbele ya mujane."

Abiria wa mbele walicheka. Mimi, siku ya kumzika mke wangu, nilikuwa nahesabu viti vya wageni. Sikucheka.

"Na mama yako alisema nini?" mama wa matembele aliuliza.

"Mu mashini, povu ilifunika vitre zote za motokari, hatukuona inje. Akaniuliza kama tumefika. Nikamujibu: karibu. Toka pale hasemi na miye."

"Leo unaenda kumuomba pardon?"

Gari lilisimama. Kijana alisema ni hapa kwao. Receveur, mpokea nauli, alifungua mlango, na kijana akakaa pembeni, akiwaachia wengine wote wa kituo hicho watangulie kushuka, yeye wa mwisho.