Maisha ya Dada Yetu, Aliyemwandika Fundi Saa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yetu: mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama. Nafundisha hesabu. Mtu wa maneno katika familia yetu alikuwa yeye, na mnisamehe kama leo nitayapanga vibaya.

Juzi, ofisi ya jarida alilofanyia kazi miaka arobaini na miwili ilituletea aya moja, ikaomba tuichape kwenye kijitabu hiki kama ilivyo. Aya hiyo ilisema marehemu alikuwa "mwandishi msaidizi, aliyeshughulikia upande wa mapenzi." Tuliisoma mezani pamoja na wanawe, tukaitia kapuni. Haya ninayosoma ndiyo maisha yake.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1959, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mpanga herufi katika mtambo wa kuchapa. Alikuja nyumbani na vidole vyeusi na mabaki ya karatasi, na Dada akajifunza kusoma magotini kwake kabla hajaanza shule. Baba alifariki mwaka 1970 kwa homa ya mapafu. Mama hakukaa kulia. Alijifunza kutengeneza saa kwa mjomba, akaweka meza ya kioo mlangoni mwa duka la dawa, na kwa miaka thelathini akawa ndiye fundi saa wa mtaa mzima. Mteja akimficha jinsi saa ilivyoharibika, Mama alimtazama kwa jicho lile lenye lenzi na kumwambia, "Saa haijui kusema uongo. Tuanze upya."

Alisoma shule ya msingi mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari mwaka 1973 hadi 1976. Alipokuwa darasa la saba, mwalimu wa historia alimkamata na jarida la katuni ndani ya daftari. Lilikuwa jarida la Kifua Chuma, ambalo wengi wenu mmelisoma: tarishi wa posta ambaye kwa siri ni shujaa, na risasi zikimpiga kifuani hujikunja kama misumari mibovu. Mwalimu alipolifungua alikuta kalamu nyekundu kila ukurasa. Kila mahali ambapo Karani, mpenzi wa Kifua Chuma, alitoa neno, neno hilo lilikuwa limekatwa na jingine limeandikwa juu yake.

"Nani amekwambia uwasahihishe wakubwa?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna, mwalimu. Ila Karani anafanya kazi posta ileile kila siku, na bado hamtambui mtu kwa sababu amevaa kofia. Si mjinga kiasi hicho."

Mwalimu aliwasomea darasa zima yale maneno ya kalamu nyekundu. Watoto walicheka mpaka kengele ikalia. Kisha akamchapa viboko viwili, kwa kuwa sheria ni sheria, na jarida akabaki nalo.

Baada ya kusomea hatimkato na kupiga taipu, marehemu aliajiriwa tarehe 5 Februari 1979 katika ofisi ya jarida hilohilo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu hadithi za Mwanzilishi, mzee aliyembuni Kifua Chuma. Mzee huyo alikuwa na imani moja kuhusu shujaa wake: akioa, amekwisha. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa Kifua Chuma alimdanganya Karani, akamwacha akisubiri chini ya mvua, akamfanya aonekane mbea kila alipomuuliza, "Ulikuwa wapi?" na msomaji akatakiwa acheke. Dada alipofika kwenye maneno ya Karani aliyabadilisha kimyakimya. Ilichukua miaka miwili Mwanzilishi kugundua, na aligundua kwa sababu barua za wasomaji zilianza kumsifu Karani.

"Wewe ndiye unayeniandikia?" alimuuliza.

"Napiga ulichoandika, mzee. Nikifika kwa Karani natengeneza kidogo."

"Huyo mwanamke ni wa kuchelewesha hadithi tu, binti."

"Mzee, mtu anayemdanganya mpenzi wake miaka yote hiyo si shujaa. Ni mwongo mwenye misuli."

Mzee alicheka, akampa meza ya mwandishi. Jina hakumpa. Tangu mwaka 1981 hadi mwezi huu, kwenye ukurasa wa kwanza wa kila toleo, lilichapwa jina la mwanamume mmoja, na baada yake maneno mawili: "na wenzake." Nyumbani tulimwita Wenzake. Alikuwa akiitika. Sisi tulidhani ni utani, na yeye alituacha tudhani hivyo.

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na mchoraji wa jarida hilo, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele. Shemeji hakuwa mwepesi wa kusema. Alimchorea ukurasa mmoja: mwanamume amepiga goti, mwanamke amesimama, na juu ya mwanamke kiputo cha maneno kitupu. Akauweka mezani kwake, akakimbilia nje kana kwamba ofisi inaungua. Alipopata ujasiri wa kurudi alikuta kiputo kimejazwa: "Nakubali. Lakini jifunze kuchora mikono, usiifiche mifukoni." Walijaliwa binti na mwana, na nyumba yao ilijaa karatasi mpaka jikoni.

Sasa nije kwa Profesa. Hajawahi kufundisha popote. Jina alipewa kwa sababu ya miwani. Aliingia ofisini mwaka 1986, na Mwanzilishi alipostaafu mwaka 1990 alirithi kiti chake. Yeye hakuona haja ya kuwadanganya wapenzi wa Kifua Chuma. Aliwaua. Muuguzi alitiliwa sumu mwaka 1993. Mwimbaji alilipuliwa jukwaani mwaka 1998. Mwaka 2001 alikuja Mwalimu wa Kuogelea, naye alizama. Ndiyo, mwalimu wa kuogelea, alizama. Dada alimuuliza kwa nini, naye akajibu, "Shujaa bila huzuni hauziki." Dada aliwapa wanawake hao maneno, Profesa akawapa makaburi, na sifa zikabaki kwa Profesa.

Mama yetu alifariki Septemba 2003. Miezi minne baadaye, wasomaji walikuwa wamepungua sana, na Mhariri wa jarida akamwambia Dada kwa kukata tamaa, "Haya, jaribu wewe." Dada akamleta Fundi Saa. Mnamkumbuka. Ukurasa wake wa tatu tu, tarishi anampelekea saa iliyosimama, anasema imeanguka bafuni. Fundi anaifungua, anaitazama, anamtazama yeye. "Imesimama saa saba na dakika nane. Daraja liliporomoka saa saba na dakika nane. Ulikuwa pale. Usinidanganye, nina kazi nyingi." Miaka thelathini na mbili jarida lilikuwa linachapwa, na hakuna mwanamke aliyewahi kumjua Kifua Chuma. Huyu alimjua kwa visanduku vitano vya picha.

Kwa miaka kumi na saba Fundi Saa hakutekwa hata mara moja. Alimtengenezea mkanda, akamkosoa, akamkatalia, akampenda. Gazeti la wanafunzi lilipomuuliza Profesa siri ya mhusika huyo, alisema, "Mimi humwandika kwa moyo." Dada aliikata habari hiyo akaibandika mlangoni mwa choo cha nyumbani kwake. Bado ipo.

Januari 2021 aliambiwa ana kansa ya ini. Aliendelea kuandika hadi tarehe 6 Aprili, alipolazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha tisa, karibu na dirisha. Jumamosi tarehe 24 Aprili, saa ya kuwaona wagonjwa, Mhariri na Profesa walikuja na mfuko wa machungwa na toleo la mia sita, ambalo lilikuwa halijatoka madukani. Nilikuwepo. Shemeji pia alikuwepo, na alipoona jarida lile alikwenda kusimama dirishani.

Dada alivaa miwani, akasoma kurasa zote, nao wamesimama. Alipomaliza aliuliza, "Fundi Saa ameanguka kutoka mnarani?"

"Kifua Chuma anachelewa sekunde moja," Profesa alisema. "Toleo la mia sita lilihitaji kitu kizito."

"Kabla ya kuanguka amesema nini?"

"Hakusema kitu. Tuliona kimya kina nguvu zaidi."

"Miaka kumi na saba anaongea. Siku ya kufa ndiyo amekosa neno?"

"Wasomaji watalia, dada yangu."

"Watamlilia nani?"

Profesa alijibu bila kufikiri, "Kifua Chuma."

Basi. Mwanamke akaanguka kutoka mnarani, na aliyestahili machozi ni mwanamume aliyebaki juu. Nimelifikiria jibu hilo kila siku kwa mwezi mzima, na kila siku nimekasirika upya. Walimwua Fundi Saa wakati aliyemzaa yuko kitandani na mpira wa dripu mkononi, kisha wakamletea maiti yake pamoja na machungwa.

Walipoondoka, Dada alimwita mumewe. Shemeji ameniruhusu kuyasema haya, alisema nisiyafiche. "Umemchora vizuri," Dada alimwambia. "Hilo ndilo linaloniuma."

"Waliniambia umekubali," Shemeji alisema.

"Ungeniuliza. Miaka thelathini na mitatu tunalala kitanda kimoja, ungeniuliza tu."

Shemeji alitoka akalia koridoni, na mimi sikumfuata. Nilikuwa na hasira naye, na sitajifanya kwamba imekwisha yote. Dada alimfuata. Alishuka kitandani, akasukuma ile nguzo ya dripu mpaka koridoni, akakaa naye kwenye benchi. Sikusikia walichosema.

Siku ya pili aliniagiza nimletee daftari. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo yeye alisema na mimi nikaandika, michana minne mfululizo, kwenye daftari la hesabu la miraba. Ulikuwa mswada wa kurasa nne. Niliupeleka ofisini kwa mkono wangu tarehe 3 Mei. Ulirudi na karatasi ndogo ya Mhariri: "Tunakuombea nafuu. Fundi Saa ameshakufa na mjadala umefungwa."

Nilitaka kwenda kuwatukana. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Dada akaniambia, "Ukitukana, watasema ni uchungu wa msiba, watakupa pole na soda. Siku ikifika, soma tu kilichotokea, kwa tarehe zake."

Alifariki Jumatano, tarehe 19 Mei 2021, saa nne asubuhi, akiwa na mumewe na wanawe wote wawili. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Mchana wa siku hiyo hiyo Shemeji aliandika barua ya kuacha kazi. Kisha akaketi kwenye meza yake ya kuchorea, na kwa siku tano hatukumwona ila kwa chai. Sasa naomba kila mmoja afungue kijitabu hiki katikati. Ndizo kurasa nne za Dada. Fundi Saa hakuanguka. Alimsubiri Kifua Chuma juu ya mnara, akaona amechelewa, akashuka ngazi mwenyewe na kwenda kazini. Shujaa anafika mlangoni akihema, anaanza kuomba msamaha. Fundi hainui kichwa. "Keti," anamwambia. "Nina saa tatu za kumaliza." Na kwenye kisanduku cha mwisho shujaa ameketi kwenye kibao cha wateja, kofia magotini, anasubiri.

Mhariri, aliyekaa safu ya tatu pamoja na Profesa, amenieleza pale getini kwamba mhusika huyo ni mali ya kampuni na kwamba tutasikia kutoka kwa wakili. Nimemsikia. Vijitabu tulivyochapa ni mia nne, na mlivyokuja wengi nadhani havikutosha. Mwenye nacho amwazime jirani.

Marehemu ameacha mume, binti, ambaye ni daktari wa meno, mwana, ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, kaka yangu, na mimi. Ameacha pia Karani, Muuguzi, Mwimbaji, Mwalimu wa Kuogelea na Fundi Saa, ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasemea.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki, bado.