Wapiga Picha wa Mbinga Wanavyozikana

Kamera za video ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Mbinga, na Kunigunda alikuwa ameipakata yake ndani ya Land Rover ya abiria ya kwenda Mbamba Bay kama mtoto mwenye homa. Kando yake Mzee Hamidu, mwenye studio sokoni, alikuwa anamshawishi ajiunge na chama cha wapiga picha. Nilikaa kiti cha nyuma yao, sikuwa na namna ya kutosikia.

“Ukiwa nje ya chama, harusi huzipati.”

“Na nikiingia, mzee wangu, mnanifanyia nini?”

“Tunazikana,” alisema kwa fahari. “Mwenzetu Egidi alipofariki tulikwenda wote na sare zetu. Tulichimba kaburi, tukabeba jeneza. Mazishi yale yanasemwa kijijini kwao Mkumbi mpaka leo.”

“Picha zilitoka vizuri?”

Mzee alitazama nje, ambako kulikuwa na vumbi tu. “Picha hakuna. Mwanachama akiwa msibani hafanyi kazi. Ndiyo katiba yetu.”

“Hata moja ya kumwachia mjane?”

“Tulikuwa wafiwa, mwanangu.”

Gari likasimama. Kunigunda akateremka na kamera yake. “Basi niacheni nje, mzee wangu. Siku yako nitakuja kukupiga picha mimi.”

Mzee Hamidu akamchungulia dirishani. “Betri ya kamera hiyo inakaa muda gani?”