Vijay Emmanuel Lal: Lugha Mbili Kituoni, Moja Nyumbani

Mchungaji, ndugu, jamaa, na ninyi majirani wa makazi ya reli mliofunga maduka asubuhi hii mje kumsindikiza: karatasi hii ilikuwa isomwe na mdogo wangu Ashish. Jana Mama akampokonya, akanikabidhi mimi. "Soma wewe, Sneha," aliniambia. "Wewe ndiye uliyemkataza kuongea. Sasa mwongelee." Kwa hiyo nasoma. Mchungaji ameniomba niseme "marehemu" badala ya "Papa", nami nitajitahidi.

Marehemu Vijay Emmanuel Lal alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Jabalpur, mtoto wa tatu wa Emmanuel Lal, mpishi wa madaktari wa misheni, na Shanti Lal, aliyewafundisha wanawake kusoma Biblia kijiji kwa kijiji. Kihindi alikinyonya kwa mama yake. Kiingereza alikiokota jikoni kwa baba yake pamoja na makombo ya keki, na hakuona sababu ya kuvipakua viwili hivyo katika sahani mbili. Bibi alipenda kusimulia kwamba marehemu, akiwa na miaka minne, alimwambia daktari mmoja wa misheni, "Sahibu, mbwa wako ni veri mshenzi." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Babu alimfinya mtoto sikio, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Alisoma shule ya misheni ya wavulana hapo hapo Jabalpur, akamaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1966. Hesabu zilimtoa jasho. Jiografia aliipenda, hasa ramani za reli, na mpaka uzee wake aliweza kukutajia vituo vyote kutoka Jabalpur hadi Allahabad bila kuvuta pumzi.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa na reli kama karani wa tiketi. Mwaka 1973 alihamishiwa Sonkheri na kukabidhiwa kipaza sauti, na hapo alitangaza treni kwa miaka thelathini na mitano. Kanuni ilikuwa moja: Kihindi safi kwanza, kisha Kiingereza safi, kila kimoja peke yake kama kilivyoandikwa kitabuni. Marehemu aliifuata kwa unyoofu uliowafanya wasafiri kutoka Delhi kudhani ni kanda inacheza. Lakini akishazima swichi tu, alichungulia dirishani na kumpigia kelele muuza chai: "Kaka Ramdin! Chai moja, stroongi kabisa! Leo mudi yangu iko ofu!"

Hivyo ndivyo alivyoongea, na ndivyo tunavyoongea sote hapa, tusijifanye. Sentensi inaanza kwa Kihindi, inapitia Uingereza, inarudi nyumbani kula. Ila yeye alikuwa na namna yake. Aliomba hivyo hata mezani: "Bwana, thenkyu kwa mikate hii, na tenshen zote za mke wangu Kusum zichukue wewe, maana mimi zimenishinda." Mchungaji aliyekuwepo wakati huo alimwonya kwamba sala inataka heshima. Marehemu akamjibu, "Mchungaji, Mungu ndiye aliyeumba masikio. Miksi anaielewa."

Kanuni ya kituo aliivunja mara moja tu. Asubuhi moja ya Januari 1989, ukungu ukiwa umekaa juu ya reli kama maziwa, treni ya mahujaji iliingizwa jukwaa la tatu badala ya la kwanza, dakika za mwisho kabisa. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakakimbilia daraja la juu na mizigo kichwani. Marehemu akawaona wanavyosongamana kwenye ngazi. Akafunga kitabu, akashika kipaza sauti: "Jamani, jamani! Tenshen msichukue! Dreva ni mtu wetu, treni haiondoki mpaka niseme mimi! Bibi mwenye sari ya manjano, sloo, sloo, goti lako bado tunalihitaji!" Ngazini watu wakaanza kucheka, na mtu anayecheka hawezi kukimbia vizuri. Wakapanda mmoja mmoja. Hakuna aliyechubuka. Wiki iliyofuata alipokea barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alitumia lugha isiyo rasmi. Alijibu kwa kurasa mbili, moja ya Kihindi safi na moja ya Kiingereza safi, na jambo hilo likaishia kwenye faili.

Tarehe 27 Mei 1976 marehemu alifunga ndoa takatifu na Kusum Daniel, muuguzi. Siku ya kwenda kumwona binti, wajomba walikuwa wamemwapisha marehemu aongee Kihindi cha adabu au asiongee kabisa. Basi akakaa kimya. Wazee wakakaa kimya. Chai ikaja, bado kimya. Mwishowe uvumilivu ukamwishia, akamgeukia binti mwenyewe: "Sista Kusum, samosa zinapoa. Adjasti kidogo, tule kwanza, intavyuu baadaye." Mama anasema alicheka ndani ya pindo la sari mpaka machozi yakamtoka, na jioni hiyo akamwambia mama yake, "Huyu. Fainali." Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1979 na Ashish mwaka 1983.

Sasa nifike ninapopaswa kufika.

Marehemu alijinyima mengi ili anisomeshe kwa masista, shule ya Kiingereza. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyenaswa akisema Kihindi alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Februari 1994, siku ya wazazi, marehemu alikuja amepiga pasi shati lake jeupe la kazini, akasimama mbele ya mwalimu mkuu, akasema kwa sauti ile iliyozoea majukwaa matatu: "Sista, binti huyu breini anayo nyingi, ila ni leizi kidogo. Wewe mtaiti tu, mimi niko na wewe ful sapoti." Ukumbi mzima ulicheka. Sista naye alicheka, wala si kwa ubaya. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kesho yake msichana mmoja, Parul, alinivisha kile kibao. "Si chako," akasema. "Cha baba yako. Mpelekee."

Nikampelekea. Tulikuwa tunakula, nikakiweka mezani karibu na sahani yake. "Papa, hiki ni chako. Ukija tena shuleni, ongea Kiingereza kama watu, au nyamaza. Unanitia aibu."

Alikichukua, akakivaa, akaendelea kula akitikisa shingo kama ng'ombe mwenye kengele, na Ashish akacheka. Kisha akaniangalia usoni. Akakivua. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kituoni, kimenyooka, hakina hata unyasi wa Kihindi: "Nimekuelewa. Kuanzia leo nitazungumza nawe kwa Kiingereza."

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Ilikuwa miaka ishirini na miwili. Wala haikuwa hasira, na ndiyo maana sikuweza kuishinda. Aliona kwamba mwanawe ameomba kitu, naye akampa. Kwa Mama, kwa Ashish, kwa muuza mboga, aliongea kama kawaida yake. Akinigeukia mimi alinyoosha mgongo kama yuko mbele ya kipaza sauti: "Habari za asubuhi. Je, umelala vizuri?" Nilikuwa nikisimama nyuma ya mlango niwasikie yeye na Ashish wakitaniana juu ya kriketi. Nikiingia, utani unakatika. Nilipofika chuo kikuu nilimwomba, nikamwambia basi Papa, imetosha, nilikuwa mtoto. Alitabasamu, akajibu, "Kiingereza chako kimekuwa bora sana." Siku ya harusi yangu, Desemba 2004, kila baba anamwaga machozi na maneno, yeye alinishika mikono miwili akasema, "Ninakutakia safari njema na yenye faraja." Wageni walidhani ni mzaha wa mtangazaji wa treni. Mimi, nikipelekwa kwa mume wangu, nililia mpaka Nagpur.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2008. Alilea maua ya marigoldi yaliyokataa kuleleka, akawafundisha vijana wa kanisani kusoma Maandiko kwa sauti bila kukimbia, na alasiri alikaa barazani na kina Ramdin kwa kile alichokiita taimpasi, porojo za kupitisha muda.

Mwaka 2014 figo zake zilianza kuchoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwaita wauguzi "timu yangu ya laundri". Tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2016 alilazwa. Mimi nilifika kutoka Pune tarehe 8. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona alijaribu kukaa wima. "Habari za jioni," akasema kwa Kiingereza. "Natumaini treni yako haikuchelewa."

Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamwomba msamaha. Akanijibu kwa upole, "Hakuna cha kusamehe." Kwa Kiingereza. Nikaanza mimi kuongea miksi, siku nzima, nikibabaika kama mgeni, maana nafundisha Kiingereza chuoni na ulimi wangu umekauka. Yeye alisikiliza na kunijibu kwa sentensi kamili. Mama akanivuta kando. "Mwache, mwanangu. Mazoea yana tabu. Pengine hajui tena njia ya kurudi kwako." Sijapata kuogopa hivyo maishani mwangu. Madaktari walikuwa wamekwisha kutuambia ni suala la siku.

Adhuhuri ya tarehe 12 nilimlisha khichdi, wali na dengu vilivyopondwa, bila chumvi kama daktari alivyoagiza. Nilimpa kijiko cha kwanza, akameza. Cha pili akameza. Cha tatu akakigeuza mdomoni, akakunja uso wote, akanitazama.

"Wewe Sneha," akasema. "Hii ni khichdi au panishmenti?"

Kijiko kilinianguka. Nililia kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

"Oho, sasa emoshenali usianze," akasema Papa. "Leta chumvi."

Nilileta. Chembe tatu, nne. Daktari anisamehe. Kwa siku nne baada ya hapo aliniongelesha mfululizo, kila usingizi ulipomwachia: alinisuta kwa nywele zangu fupi, akamsema vibaya mkwe wake anavyoendesha gari, akaniuliza kwa nini mimi ni slimu hivyo kama kijiti cha meno. Nimeyaandika yote. Alifariki tarehe 16 Februari 2016, saa moja asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Kusum, mwana, Ashish, na mkewe Deepti, mkwe, Prabodh, mume wangu, wajukuu wawili, Anugrah na Rhea, dada yake, Premlata, na mimi, Snehlata, binti aliyeishi naye kama mgeni kwa miaka ishirini na miwili, na kama mwanawe kwa siku nne.

Bwana na amlaze Papa wetu kwa amani.